Papa Shuka na Basi la Watoto wa Alunguli

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, sokoni, au kule bandarini mkingoja mizigo, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Tambwe Hamidou. Alifariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake Alunguli, akiwa na miaka sitini na tisa. Huenda jina hilo haliwaambii kitu. Lakini nikisema Papa Shuka, najua kuna mtu anatabasamu sasa hivi.

Papa Shuka alikuwa dereva wa basi la shule. Kila asubuhi aliwakusanya watoto wa Alunguli, akavuka nao mto Lualaba kwa kivuko, akawafikisha shuleni upande huu wa mji. Alifanya hivyo miaka kumi na sita. Miaka kumi na sita, wasikilizaji, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeumia mikononi mwake.

Alizaliwa hapa hapa Kindu. Baba yake alikuwa fundi wa reli. Mama yake alitamani mwanawe awe mwalimu wa madrasa, lakini kijana alipenda harufu ya mafuta ya gari. Alipotimiza miaka ishirini alikuwa tayari anaendesha lori. Mjane wake, Mama Rachida, ametuambia kwamba wakati ule mumewe alikuwa mtu wa haraka. Hata chai aliinywa amesimama.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1999 treni zilikuwa zimesimama. Tambwe aliendesha lori la mfanyabiashara mmoja kati ya Kindu na Kampene, na juu ya magunia ya mchele aliwabeba watu waliokuwa wakikimbia. Siku moja ya mvua kubwa alifika kwenye mto ambao daraja lake lilikuwa limevunjwa. Watu wa pale walikuwa wamefunga mitumbwi minne pamoja na kuweka mbao juu, hicho ndicho kilichokuwa kivuko.

Kila dereva anaijua kanuni: kabla gari halijapanda kivuko, abiria hushuka. Tambwe pia aliijua. Mama mmoja aliyekuwa juu ya lori akamuuliza kama washuke. Walikuwa wamelowa, wamechoka, na giza lilikuwa linakaribia. Tambwe akamjibu wabaki tu chini ya turubai, ni dakika chache.

Katikati ya mto mitumbwi ikainama upande mmoja, lori likateleza majini. Tambwe alizama, akaibuka, akatoa watu mmoja mmoja mpaka mikono ikakataa. Walikuwa kumi na mmoja. Saba walipona. Wanne walikufa, na yule mama alikuwa mmoja wao.

Aliporudi Kindu alisema kivuko kilikuwa kibovu, na kweli kilikuwa kibovu. Lakini lile jibu alilompa yule mama hakumwambia mtu. Akaacha usukani. Miaka saba alikaa mbele ya nyumba yake akitengeneza baiskeli.

Mwaka 2006, amani ilipokuwa imerudi, shule moja ya hapa mjini ilipata basi kuukuu lenye viti thelathini na vinne. Lilikuja juu ya behewa la treni ya mizigo, na nusu ya mji ilikwenda kulitazama. Direkta, yaani mkuu wa shule, Bwana Bruno, akatafuta dereva. Kila aliyemuuliza alimtajia Tambwe. Akaenda Alunguli mara tatu, na mara tatu Tambwe akakataa.

Ni Mama Rachida aliyemgeuza. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua kichwa.

"Baba Zawadi," akamwambia, akimwita kwa jina la binti yao, "weye njo unajua ile maji vile inafanya watu. Ukikatala weye, watamupa mwingine asiyejua."

Kesho yake Tambwe alinyoa ndevu, akavuka mto.

Alikubali kwa sharti moja: kanuni za basi atazitunga yeye. Direkta akacheka, akatia sahihi. Basi lisiondoke mpaka mtoto wa mwisho ameketi. Viti thelathini na vinne, watoto thelathini na wanne, basi. Dereva alizunguke gari kwa miguu kabla ya kuliwasha, maana mtoto mfupi haonekani kwenye kioo. Jioni, kabla ya kufunga mlango, achungulie chini ya kila kiti, asije akabaki mtoto aliyelala. Na pale mtoni, wote washuke. Basi lipande kivuko likiwa tupu, liwekewe vipande vya mti chini ya magurudumu, ndipo watoto wapande kwa miguu, wadogo mbele.

"Shuka, shuka, wote shuka," alikuwa akiimba kila asubuhi. Watoto wakambatiza jina, nalo likamganda.

Msidhani wazazi walifurahi. Sare zilichafuka matope. Watoto walichelewa. Msimu wa mvua wa mwaka 2013 malalamiko yalizidi, na Direkta Bruno akamwita ofisini. Akamweleza kwa upole kwamba siku za mvua awaache watoto wakae ndani, safari ya kivuko yenyewe ni fupi. Tambwe akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani.

"Mukubwa, basi ni ya shule," akasema. "Mimi siwezi kusema mara ya pili wabaki."

Direkta hakuelewa hiyo mara ya pili ilitoka wapi. Lakini aliutazama uso wa yule mzee, akazisukuma funguo zikarudi kwake. Wiki ile Tambwe aliomba turubai kubwa kwa akina mama wa soko. Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha, watoto thelathini na wanne waliteremka mtoni chini ya turubai moja, miguu tu ikionekana, kama jongoo mkubwa. Watu wa bandarini waliacha kazi kuwatazama.

Sasa sikilizeni kilichotokea Machi 2014. Ilikuwa asubuhi, mvua inanyesha. Watoto wote thelathini na wanne walikuwa ukingoni, chini ya turubai. Tambwe akaanza kuteremsha basi tupu. Alipokanyaga breki, mguu ulizama mpaka chini. Breki hakuna. Basi likapita juu ya kivuko, likakata mnyororo, likaingia Lualaba.

Princesse, aliyekuwa na miaka tisa na leo ni muuguzi, alikuwa mstari wa mbele. Anakumbuka kwamba hakuna aliyelia. Walikuwa wanangoja tu kichwa cha Papa Shuka kitokee. Kikatokea. Alikuwa ameendesha mlango wake ukiwa wazi, kama kawaida yake. Mwenye mtumbwi mmoja akamvuta.

Alipanda ukingo akitiririka maji, akaanza kuhesabu. Thelathini na wanne. Akahesabu tena. Thelathini na wanne. Mara ya tatu aliwashika kichwa mmoja mmoja. Kisha akaketi kwenye matope.

Direkta Bruno, ambaye asubuhi ile alikuwa upande wa Alunguli, alifika mbio. Alilitazama paa la basi likizama, akawatazama watoto. Akavua viatu, akaketi kwenye matope karibu na Tambwe, suruali yake nyeupe na yote.

"Papa Tambwe," akasema, "uniambie tena zile kanuni zote. Polepole. Ninataka kuandika."

Zikaandikwa ukutani mwa shule, kwa rangi nyeusi. Bado zipo. Na kivukoni, wafanyakazi hawakuruhusu tena gari kupanda likiwa na watoto ndani.

Jioni ile Tambwe alimwambia mkewe jibu alilompa yule mama miaka kumi na tano nyuma. Mama Rachida anasema mumewe alilia, kisha akala vizuri, akalala mpaka jua likatoka. Ni Tambwe mwenyewe aliyeagiza habari hiyo isemwe akishakufa, ili dereva kijana ajue kanuni zinatoka wapi.

Mwaka mzima shule haikuwa na basi. Tambwe aliwasindikiza watoto kwa miguu kila asubuhi, akipunga kitambaa chekundu kuzuia pikipiki. Basi jipya lilipopatikana, aliliendesha mpaka mwaka 2022, macho yalipochoka. Jumanne alikula wali na samaki, akasifu mapishi, akajinyoosha kwenye kiti chake cha kamba. Hakuamka.

Kwa Mama Rachida, kwa binti yake Zawadi, na kwa watu wote wa Alunguli, tunasema poleni sana. Mwenyezi Mungu amlaze pema.

Na wewe unayetusikiliza ukiwa na funguo za gari mkononi, jiulize: nani anategemea uvumilivu wako leo? Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi basi la shule litatoka Alunguli kama kawaida. Usukani anao Mama Yvette, aliyefundishwa na marehemu mwenyewe. Ukilikuta limesimama barabarani, ndugu yangu, usipige honi. Simama na wewe.