Papa Floribert Kalaba na Moteri ya Silinda Kumi na Mbili

Padri wetu, wakristo wa parokia, majirani wa Ruashi, na ninyi mafundi wa garaji mliofunga kazi leo ili kuja kulia pamoja nasi, jamaa ya Kalaba inawasomea maisha ya mkubwa wetu namna yeye mwenyewe alivyotaka yasomwe, maana alituita kitandani, Mama Honorine mke wake na sisi wadogo zake, akasema maisha yake yasipambwe, na habari ya ile moteri isirukwe, kwa sababu siku ya matanga mafundi watakuwa wengi mahali pamoja na hakuna atakayekuwa na haraka. Shule yetu ni ndogo, mtuvumilie pale tutakapotaja chuma kwa jina lisilo lake.

Papa Floribert Kalaba alizaliwa Kasenga, kando ya mto Luapula, tarehe 12 Agosti 1938, mtoto wa pili wa Papa Mwape, aliyekuwa akichunga moteri za mashua za samaki, na wa Mama Madeleine, aliyekausha samaki kwa moshi. Tarehe ya ubatizo hatukuipata, Mungu atusamehe, tulichelewa kuitafuta. Shule ya msingi aliisoma kwa mapadri kule kule Kasenga, kutoka 1945 mpaka 1951, halafu akaletwa hapa mjini, wakati mji ungali unaitwa Élisabethville, akajifunza ufundi wa chuma mpaka 1955, hakuendelea zaidi, baba yake alikuwa amekufa.

Tarehe 2 Januari 1956 aliingia kazi katika garaji ya Bwana Ottavio, Mwitaliano, akaanza kwa kuosha vyuma kwa petroli, akafika kuwa fundi wa moteri. Alifunga ndoa na Mama Honorine tarehe 5 Septemba 1959, Mungu akawapa watoto watatu, wa kwanza Marie-Thérèse, ambaye wote tulimwita Mimi, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1960, halafu Marceline mwaka 1963, na Stanislas mwaka 1967. Kusema kweli, na yeye alikiri hivyo mbele ya wadogo za Mimi, huyo wa kwanza alimpenda kupita wengine, akamzoesha kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pale garaji, na Mimi akijua kutaja vifunguo vya bolti kwa namba kabla hajajua kuandika.

Mwezi wa Mei 1968 ndipo motokari ya Bwana Ottavio ilishuka kutoka behewa la treni, imefungwa turubai, ya rangi ya buluu ya usiku, ya kwenda safari ndefu kwa mbio, viti viwili vizuri mbele na viwili vya kubana nyuma. Hapa mafundi msikilize. Moteri yake ilikuwa na silinda kumi na mbili, sita kila upande, zimekaa kwa pembe kama vidole vya mikono miwili inayotaka kusali, ukubwa wake lita nne, karburateri sita zenye makoo mawili kila moja, bujii kumi na mbili za kutoa cheche, supapu ishirini na nne, na nguvu ya farasi mia tatu ikifika mizunguko elfu saba. Mafuta ilikunywa lita kumi, yakabadilishwa kila kilomita elfu tano, hapa kwetu na vumbi yetu kila elfu tatu. Nafasi ya supapu ilipimwa moteri ikiwa baridi kabisa, za kuingiza hewa milimita sifuri nukta kumi na tano, za kutoa moshi sifuri nukta ishirini. Asubuhi usiikanyage, iache mpaka mafuta yapate moto, mpaka hapo isipite mizunguko elfu tatu. Karburateri zote sita zivute hewa sawasawa, na Papa Kalaba alizisawazisha kwa mpira mdogo aliouweka sikioni, akifunga macho, akisogea kutoka koo moja hadi lingine. Na block yake, ndiyo mwili wa moteri, na vichwa vyake viwili, vyote vilikuwa vya aluminiyumu, kwa hiyo Bwana Ottavio hakuitilia maji ya bomba hata siku moja, aliitilia maji ya kuchemshwa na kukusanywa kwa mvuke, yaliyochanganywa na dawa ya kijani, akisema kwa Kiswahili chake, “Kalaba, mutu anakufa na kiu, hii inakufa na mayi mubaya.”

Mwaka 1972 serikali ilipoondoa majina ya kikristo, akawa Citoyen Kalaba, yaani mwananchi Kalaba, katika makaratasi, Floribert likabaki la kuungamia. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, biashara za wageni zilichukuliwa, Bwana Ottavio akaondoka na sanduku mbili, garaji pamoja na motokari akapewa Citoyen Kasonde, ambaye hakujua tofauti ya bujii na bolti lakini hakuwa mtu mbaya, alipenda tu kuonekana, akaikodisha motokari kwa arusi za wakubwa. Dawa ya kijani iliisha mwaka 1974, maji ya mvuke yakaisha, na njia ya reli ya kwenda baharini ilipofungwa kwa vita ya jirani, vyuma vya Ulaya havikufika tena. Papa Kalaba akaanza kutia maji ya bomba. Alisema kwake hakuona kosa, maji hayo hayo watoto wake walikuwa wakiyanywa.

Tarehe 16 Julai 1977, bibi arusi akiwa ndani, joenti ya kulasi ya upande wa kushoto ikapasuka, hiyo ni ile sahani nyembamba inayolala kati ya block na kichwa cha moteri ili maji na moto visikutane. Citoyen Kasonde akamwambia, “Papa Kalaba, joenti haiko, na mutokari ikilala, garaji nayo inalala, unataka batu tisa bakule nini?” Ndipo Papa Kalaba akaenda Kamalondo kwa rafiki yake Amadi, mfua sufuria, wa jamaa za Maniema, akamletea kipande cha shaba safi. Walikipasha moto mpaka kikawa chekundu, wakakizamisha majini kiwe laini, Amadi akakipiga mpaka unene wa milimita moja na nusu, wakatoboa matundu kwa kufuata joenti ya zamani, Papa Kalaba akakaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni, mara tatu, halafu tena moteri ilipopata moto. Ikawaka. Garaji nzima wakapiga makofi juu ya mabati, Amadi akasema, “Bazungu batakuja kujifunza kwetu,” na mji huu, ambao tangu babu zetu unakula kwa shaba, unajenga kwa shaba, unasomesha watoto kwa shaba, ukaona ni haki yake kwamba shaba ndiyo imeponya moteri ya Waitaliano.

Baada ya mwaka mmoja moteri ikaanza kunywa maji, kidogo, bidoni moja, kidumu kidogo, kila Jumamosi. Wenzake walimtania, “Papa Kalaba, hii mutokari yako inapita baba mukwe yangu siku ya pombe ya munkoyo,” yeye akajibu, “Muache, shaba iko inatafuta nafasi yake, ikishaipata itatulia,” akaongeza maji, akafunga kifuniko. Mara tatu Mama Honorine alimuuliza mbona hafungui aangalie, akasema kufungua ni kuharibu joenti, na shaba nyingine nzuri vile ataitoa wapi. Haya aliyarudia kwetu kitandani neno kwa neno, akasema ndipo dhambi yake ilipo, si katika kutokujua, ni katika kuona maji yanapungua na kuyapa maelezo.

Mimi aliolewa Agosti 1978 hapa Ruashi, na tarehe 18 Oktoba 1979, siku ya jua kali, uchungu wa mtoto wa kwanza ulikuwa umemshika tangu jana yake bila kuzaa, mkunga akasema apelekwe mjini mara moja, mtoto amekaa vibaya. Hakukuwa na gari lenye petroli mtaa mzima. Mkwe, mume wa Mimi, alikimbia mpaka garaji, na Citoyen Kasonde, Mungu amkumbuke kwa hilo, hakungoja aombwe, alitupa ufunguo akisema, “Enda, Papa Kalaba, ni mutoto yetu sisi wote.” Papa Kalaba akampakia Mimi mbele, kiti kimelazwa, mama mkwe wa Mimi akajibana nyuma, na Mimi katikati ya maumivu akacheka, akasema, “Papa, leo njo mimi bibi arusi,” wakaondoka.

Hawakufika nusu ya njia. Mshale wa joto ulipanda, moshi mweupe ukatoka nyuma, moteri ikapiga mara mbili kama mtu anayemeza, ikasimama katikati ya jua. Papa Kalaba akafungua boneti, mvuke ukamchoma uso na mkono, akaita wanawake waliokuwa wanapita na mabeseni, akamimina maji, akajaribu ufunguo, moteri ikakataa kuzunguka, silinda zilikuwa zimejaa maji, akaanza kutoa bujii moja moja ili ayatoe. Mimi akamwita kutoka ndani, “Papa, acha ile moteri, kuya unikamate mukono.” Akajibu, “Dakika moja, mama, inawaka sasa hivi.” Akatoa bujii ya pili, na ya tatu. Akamwita tena. Akasema tena dakika moja. Alikuwa kwenye ya saba mama mkwe alipoacha kusali kwa sauti, akasema, “Kalaba, kuya tu,” naye akaja na mikono ya mafuta, na mkono alioukamata haukumkamata tena. Lori la wafanyakazi wa mgodi likawabeba, lakini mganga wa hospitali alimkuta Mimi amekwisha kufa, na mtoto tumboni vilevile, mtoto wa kiume.

Mwezi uliofuata Papa Kalaba alifungua moteri, Amadi akiwa kando yake. Joenti ya shaba ilikuwa nzima, safi, inang'aa kama siku waliyoiweka. Aluminiyumu iliyoizunguka, pale maji yalipopita, ilikuwa imeliwa kama mbao na mchwa, kidole kikaingia. Hiyo ndiyo habari aliyotaka mafundi waichukue kutoka matanga haya: shaba na aluminiyumu zikilowa pamoja katika maji yasiyo na dawa, shaba inabaki, aluminiyumu inakwisha, na huku juu husikii kitu, moteri inaimba vizuri mpaka siku yake. Amadi alilia, akasema ni nyundo yake, Papa Kalaba akamwambia, “Weye ulipiga kile nilikuomba.” Kisha alinawa mikono, akampa Citoyen Kasonde vifunguo vyake vyote, na tangu siku hiyo hakugusa moteri ya mtu yeyote.

Alipewa kazi ya ulinzi hapa parokiani kuanzia Februari 1980. Alisali kila siku, alipiga magoti hapa mbele mnapoliona sanduku lake, lakini hatutadanganya mbele ya altare, hakupata amani, aliungama kosa lile lile mpaka mapadri watatu walimkataza kuliungama tena, yeye akasema la joenti Mungu analisamehe, analijua, ila la dakika moja hakuna wa kulisamehe isipokuwa Mimi. Watu wa jamaa ya mkwe walisema aliuza mtoto wake kwa motokari ili apate vyeo, na sisi ndugu, tuliojua ni uongo, tulinyamaza vikaoni kwa kuogopa maneno kutugeukia.

Ugonjwa wa mapafu ulimshika Septemba 1985, akalazwa mara nne, akapungua mpaka tukambeba kama mtoto, akaaga dunia Jumatano tarehe 3 Juni 1987, saa nane ya mchana, akiwa na miaka arobaini na minane. Alikuwa ameomba mikono yake iwekwe nje ya shuka.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomtunza bila dawa za kutosha, majirani wa Ruashi mliotuletea maji, makaa na unga, Papa Amadi na watu wake walioshinda nasi siku zote hizi ijapokuwa wanasali kwingine, na mafundi wa garaji ya zamani mliochanga sanduku. Tunawaomba msamaha wote ambao marehemu aliwakosea.

Aliomba azikwe kando ya Mimi. Jana wazee wetu walikwenda kwa jamaa ya mkwe, wakakaa toka asubuhi, wakapiga magoti, wakakataliwa, nafasi ile wamesema si yake. Kaburi limechimbwa upande wa pili, karibu na ukuta.

Lala huko, Papa Floribert, ndiko tulikoweza kukupatia, Bwana akupumzishe kwa amani.