Mama Iko Wapi na Valvu Zilizorundikana Katikati ya Mji

Tarehe 30 Juni mwaka huu, mama yetu wa Kitengo cha Ramani anastaafu baada ya kuitumikia Mamlaka ya Maji kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake kamili limo kwenye faili za utumishi, lakini liite kwenye korido zetu uone kama kuna atakayegeuka. Sisi tunamjua kama Mama Iko Wapi. Ukimwambia kuna valvu mbovu, haulizi imeharibika vipi wala nani kaiharibu. Anauliza, "Iko wapi?" Na ukijibu kwamba iko pale karibu na duka, jiandae kwa swali la pili: "Karibu upande gani?"

Aliajiriwa kama mchoraji. Chumba chake kilikuwa cha mwisho ghorofa ya chini, kimejaa makabati ya droo pana ambamo ramani zililazwa zisikunjike. Bomba kuu alilichora kwa bluu, mabomba ya mitaani kwa kijani, na kila valvu, yaani koki kubwa ya kufungia maji ardhini, ilikuwa kitone chekundu. Mafundi walikuja na matope viatuni kumweleza walichokifukua, naye aliwauliza mpaka chai ikapoa. Fundi wetu mkuu wa zamu aliwahi kumlalamikia, "Dada, nimekuja kuripoti bomba, sikuja kufanya mtihani." Akajibiwa, "Ukifaulu, kaka, nitakupashia chai."

Kompyuta zilipoingia, wapo waliodhani atanuna. Yeye alivuta kiti akakaa mbele kabisa. Fomu yetu ya kwanza ya mtandaoni ilikuwa na visanduku viwili vya kujaza namba, kimoja cha latitudo na kingine cha longitudo. Fundi akizigeuza tu, mali ya Mamlaka inahama. Kioski chetu kimoja cha maji kilionekana katikati ya bahari, mbali na mteja yeyote asiyekuwa samaki. Mama Iko Wapi alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akapanda ghorofani kumwona mtengenezaji wa programu zetu, mama mwenye subira tunayemwita Injinia, akamuuliza kwa nini watu waandikishwe namba wasizozijua maana yake. Je, fundi hawezi kuonyeshwa ramani yenyewe ndani ya fomu, akagusa mahali?

Inawezekana, Injinia alisema, na akaifanya. Fomu mpya ilifunguka na ramani ya mji ndani yake. Valvu ilikuwa kitone unachokivuta kwa kidole. Bomba, mstari unaouchora kwa kugusa kona baada ya kona. Eneo la huduma, umbo unalolizungushia mipaka. Namba zilijijaza zenyewe chini. Tulipiga makofi.

Furaha ile ilikuwa na vituko vyake, na cha kwanza kilimpata yeye mwenyewe. Alitaka kuteremsha ukurasa afike kwenye kitufe cha kuhifadhi, kumbe kipanya kimenasa kona ya eneo la huduma. Akavuta, akahifadhi, akaenda kula. Aliporudi, mtaa mzima ulikuwa umehamia eneo la jirani, na wakazi wake walikuwa wamepokea taarifa ya kukatiwa maji isiyowahusu. Hakusubiri kutafutwa. Aliingia kwa mkuu wa idara akasema, "Bosi, nimehamisha watu bila mizigo yao." Tangu hapo ramani ndani ya fomu haisogezi kitu mpaka ubonyeze Hariri, na pembeni ipo Tendua, kitufe cha kurudisha ulichoharibu, kwa ajili ya sisi tulioumbwa na mikono isiyotulia.

Lakini jambo ambalo hasa tutamkumbukia lilianza kwa udadisi mtupu. Asubuhi moja alikuwa akiitazama ramani ya mji kwa mbali, akaona mzunguko wa barabara pale katikati umekuwa mwekundu kama upele. Alipoisogeza karibu, alikuta valvu zimerundikana pale moja juu ya nyingine. Mkuu wa idara alisema huenda ndipo mabomba yanapokutana. Lilikuwa jibu zuri, ila halikumtosha. Alichukua mwavuli, akatoka kwa miguu.

Alirudi na vumbi hadi magotini. Pale kwenye mzunguko alikuta maua, bango la matangazo na mshona viatu mmoja aliyekaa hapo miaka mingi, ambaye alimwapia kwamba hajawahi kuona fundi wa maji akiinama sehemu ile. Hata valvu moja haikuwepo, seuze lundo.

Alipanda tena kwa Injinia. Wakakaa bega kwa bega, wakafungua fomu mpya tupu kama fundi afanyavyo akiwa kazini. Ramani ikafunguka, na kitone kikiwa tayari kimesimama katikati ya mji.

"Hiki nani kakiweka?" Mama Iko Wapi aliuliza.

"Mimi," alisema Injinia. "Bila kitone, watu walikuwa wananipigia simu kwamba hawajui pa kugusa. Nikakiweka ili wakivute."

"Na asiyekivuta?"

 Injinia akashika kichwa. Fundi aliyechoka, au mwenye mtandao wa kusuasua, alijaza jina la valvu na ukubwa wake, akabonyeza Hifadhi, akaondoka. Mfumo ukaamini kwamba valvu iko mahali kitone kilipozaliwa. Kila mtu alikuwa ametimiza wajibu wake, na valvu zote zile zilikuwa zimepotea.

Hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole. Injinia alikiondoa kitone, akaweka maneno "Gusa ramani mahali valvu ilipo", na fomu ikakataa kuhifadhi mpaka mtu aguse. Mama Iko Wapi naye aliomba kwenda nje na mafundi kuzitafuta zilizopotea. Walienda mtaa kwa mtaa, na simu, sururu na nondo ya kuchokonolea ardhi. Wakiipata moja, alisimama juu ya mfuniko wake, akaangalia majengo huku na huku, akayalinganisha na picha ya ramani iliyopigwa kutoka angani, ndipo akagusa.

Kazi hiyo haijaisha, bomba kuu likapasuka mchana nyuma ya zahanati yenye wodi ya uzazi. Maji yalipanda kama ukuta, yakaingia koridoni. Wauguzi wakawa wanahamisha wazazi na vichanga vyao. Fundi wa zamu alifungua ramani kwenye simu. Kitone kilikuwepo, kimewekwa wiki ileile, lakini mahali kilipoonyesha palikuwa na rundo la kokoto lililomwagwa na wajenzi. Alipiga simu ofisini, Mama Iko Wapi akaipokea kwa kipaza sauti, na sisi tuliokuwa chumbani tulisikia kila neno.

"Dada, hapa hakuna valvu. Kuna kokoto tu."

"Unaona ukuta wa zahanati?"

"Naona."

"Na nguzo ya umeme iko mkono wako wa kushoto?"

"Iko."

"Basi umeikanyaga, kaka. Ondoa kokoto."

Simu haikukatwa. Tulisikia koleo zikikwangua, watu wakihimizana, maji yakinguruma nyuma yao. Halafu chuma kikagonga chuma. Mtu akapiga ukelele. Valvu ilizungushwa, ngurumo ikapungua, ikapungua, ikaisha. Wodini hakuna aliyeumia.

Mama Iko Wapi aliweka simu mezani. Mmoja wetu alimuuliza alikuwa na uhakika kiasi gani. Alisema hakuwa nao kamili: simu yenyewe hukosea mahali ulipo kwa hatua kadhaa, na ndiyo maana siku ya kukiweka kitone alihangaika na ukuta na nguzo badala ya kuiamini peke yake. Kesho yake alikwenda kupaona kwa macho, akarudi ameridhika.

Wiki iliyopita alikwenda kazi ya nje kwa mara ya mwisho. Makazi mapya pembeni ya mji yalikuwa yamefungiwa bomba la kwanza la umma, na lilitakiwa kuingizwa kwenye mfumo. Alifungua fomu, ramani ikafunguka wazi, bila kitone. Akamgeukia bibi mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni na ndoo yake, akampa simu. "Wewe ndiye mwenyeji, shangazi. Iguse nyumba yako kwanza, halafu uguse bomba." Bibi yule aliitazama picha muda mrefu, akiyafuata mapaa kwa kidole. Alipoitambua nyumba yake alicheka kwa sauti, akawaita majirani waje waone. Kisha akagusa bomba, na yeye mwenyewe akabonyeza Hifadhi.

Mama, asante kwa kila swali lililotutoa kwenye viti vyetu. Mzee wako nyumbani ametuambia kwamba amekusubiri kwa hamu. Tunamwombea naye ajiandae kwa maswali. Tunakutakia afya njema, usingizi mtamu, na siku nyingi za kutembea polepole mahali usipopajua bado.