Mto wa Kupima Ubongo

Treni ilikuwa inakaribia Kamina mwalimu Salomé aliposikia mama aliyeketi mbele yake akimsimulia baba mmoja mfanyakazi wa reli habari za bintiye aliyetibiwa Johannesburg. "Balimulalisha mu mashine, kichwa juu ya muto yenye kutetemeka. Mashine ikapiga picha namna bongo inatikisika. Njo balijua iko nguvu, haiko tena laini, maji ya mu kichwa inaibana."

"Yesu wangu!" baba akaruka. "Bongo inakuwa nguvu, na muntu iko muzima? Ile njo bulozi, mama!"

"Bulozi inapigwaka picha, papa? Alikuwa anainama tu, macho inaingia giza. Tungekawia, angekuwa kipofu."

Salomé aliganda. Asubuhi ile, alipoinama kufunga kiatu, dunia ilimzimikia machoni, naye akajiambia ni njaa.

Baba aliendelea kubisha kana kwamba ubongo wenyewe ni wake: maombi yangetosha! Treni ikasimama, watu wakainuka na mizigo. Salomé akamshika yule mama mkono.

"Kuko nini, mama?" yule mama akamgeukia.

"Minyi pia," Salomé akanong'ona. "Minyi pia nikiinama nabonaka giza."