Jabez Wickenden, Mkaguzi wa Bolti Asiyemwamini Mtu

Tarehe 30 Septemba 1811, baada ya miaka arobaini na mmoja ya utumishi, Mzee Jabez Wickenden, mkaguzi wa bolti katika kiwanda chetu cha meli za vita hapa mtoni Medway, anastaafu rasmi. Mimi, msaidizi wake kwa miaka kumi na tisa, bado siamini. Nashuku kesho atarudi kutuchungulia.

Alianza kama seremala wa meli, akapanda kuwa mkaguzi mwaka 1784, na tangu hapo wazembe hawakupata raha. Alinusa lami, alitafuna nyuzi za kamba, alikwaruza mbao kwa kucha. Bia ya mchana hakuigusa mpaka aliyeimimina aionje. Kwenye harusi yangu alipiga magoti kukagua miguu ya meza, na kusema kweli mmoja ulikuwa umeoza.

Bolti ya shaba, msumari mnene wa kushikanisha mbao, hupenya ubavu wa meli kutoka ndani hadi nje. Yeye hugonga kwa ndani, mimi nimeweka kiganja kwenye ncha ya nje. Bolti nzima huleta pigo mkononi. Walaghai hupachika vipande viwili vifupi, kimoja kila upande, katikati hamna kitu. Meli ya hivyo hupendeza bandarini, halafu ikifika vitani hufumuka.

Machi 1805 tuliletewa Constant, meli ya mizinga sabini na minne, kutoka karakana moja ya binafsi. Watu mia sita walingoja kuondoka kuwasaka Wafaransa, mmoja wao Reuben, mpiga mzinga, mtoto pekee wa Mzee Jabez. Kwenye bolti ya tisa sikuhisi kitu.

"Umelala huko nje?" akafoka.

"Sijalala, Mzee. Kimya kabisa."

"Au umeondoa mkono?"

Miaka kumi na mitatu pamoja, na bado ananishuku! Niliumia, sifichi.

Wakala wa karakana ile akacheka. "Mkono umekufa ganzi kwa baridi. Au hutaki tu mwanao aende vitani, babu?"

Nahodha wa Constant alimtazama Mzee kama anayemtazama mwoga, akamtaka atie saini ya kuipitisha meli kabla ya adhuhuri. Wakala akajitolea kung'oa bolti moja mbele ya wote. Ikatoka shaba tupu, nzima. Watu wakaanza kumzomea Mzee.

"Hiyo umeichagua wewe, bwana," Mzee akasema. "Sasa nachagua mimi."

Bolti ya tisa ilitoka ikiwa na urefu wa kidole. Nyuma yake palikuwa na maranda ya mbao. Tulikuta nyingine arobaini na mbili, na wakala alikuwa ameshatoweka.

Constant ilizuiwa wiki sita ili itiwe bolti nzima. Vuli ile ilipigana kutwa nzima, ikarudi haina mlingoti hata mmoja, lakini ubavu umeshikana. Reuben alishuka na bandeji kichwani. Mzee alimkumbatia akalia waziwazi mbele yetu sote, na waliomzomea wakavua kofia.

Mzee Jabez, asante kwa kutokutuamini. Wako watu mia sita waliopona kwa sababu hiyo. Nenda ukapumzike, na maisha yako yawe mema na marefu. Anayekusubiri langoni na mkokoteni ni Reuben, na wajukuu wako watatu wamepanda. Nimehakikisha mwenyewe, mara mbili.