Cheti cha Kifo cha Seva: Miaka Thelathini na Mitatu ya Ma Bernadina Rugaibula

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bi. Bernadina Rugaibula anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Utafiti wa Uvuvi na Migomba, hapa Buhembe, kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne kasoro siku chache. Hiyo miezi na siku ameniagiza mwenyewe niitaje. Alisema nikiiacha atanitafutia mashine ya taipu niandikie ripoti zangu zote hadi na mimi nistaafu.

Aliajiriwa Machi 1992 kama mpiga chapa. Mwaka 2007 virusi vya kompyuta vilikula takwimu za mnyauko wa migomba za misimu miwili, na mkurugenzi wa wakati huo, marehemu Mzee Rugemalira, akauliza kikaoni nani yuko tayari kujifunza Linux, mfumo ambao virusi hivyo havikuuweza. Watafiti wote waliangalia viatu vyao. Ma Bernadina, aliyekuwa akiandika muhtasari, aliinua kichwa ili aone nani anajitolea, aandike jina lake. Mkurugenzi akasema, "Asante sana, Bernadina." Ndivyo alivyojitolea.

Kwa wale ambao hawakuwahi kuelewa alichokuwa anafanya katika kile chumba cha mwisho wa korido, naomba nieleze. Linux yenyewe ni ya bure na iko wazi, lakini programu nyingi za kisayansi tunazotumia ni mali ya makampuni ya nje. Kampuni inakuletea faili moja kubwa lililofungwa, ndani hupaswi kuchungulia, na ukilisakinisha linatupa vitu vyake kila mahali kama mgeni aliyefungua begi katikati ya sebule. Ma Bernadina alikuwa anampokea mgeni huyo, anampangia chumba, anaandika maelekezo, kisha anatengeneza kifurushi. Kwa amri moja tu programu ikawa inaingia kwenye kompyuta zote arobaini na moja, na kwa amri nyingine inatoka bila kuacha hata unyoya. Mfumo ukibadilika toleo, anaanza upya. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na minane.

Kila kifurushi hubeba maelezo mafupi ya programu iliyomo. Ma Bernadina aligundua mapema kwamba hakuna anayeyasoma, akaanza kujiburudisha. Maelezo ya programu yetu ya kupanga vinasaba yalisema, "Hutumia kumbukumbu ya kompyuta jinsi Dkt. Najibu anavyotumia maziwa ya ofisi." Yalikaa humo miezi saba. Dkt. Najibu, mtafiti wetu mkuu wa samaki, alipoyaona alipeleka malalamiko ya maandishi. Wiki hiyo hiyo likatoka toleo jipya, na kwenye orodha ya marekebisho iliandikwa, "Kosa limeondolewa. Daktari sasa anakunywa chai ya rangi."

Kisha kuna masharti ya leseni, zile kurasa arobaini na mbili ambazo sote hubofya "Nimekubali" tukiwa bado tunatafuta miwani. Yeye alikuwa anazisoma. Zote. Akaweka swali mwanzoni mwa kila kifurushi, "Je, umesoma masharti?" Ukijibu ndiyo kabla ya dakika moja kuisha, kompyuta inakuandikia kwa heshima ya Kihaya, "Si kweli, waitu. Rudi ukasome." Mkurugenzi wa sasa alinaswa mara tatu kwa siku moja, na mara ya tatu alikuwa na wageni kutoka wizarani.

Lakini utani wote huo ulikuwa wa mtu asiyefanya utani na kazi, na hilo tulilijua vizuri Septemba 2019.

Mwezi ule tulikuwa na siku kumi kabla ya kupima wingi wa dagaa kuzunguka visiwa vya Muleba. Kifaa cha kwenye boti hutuma sauti majini, mwangwi ukirudi, programu hutafsiri wapi kuna samaki na ni wangapi. Matokeo yangepelekwa kwenye kikao cha kuamua kama uvuvi wa dagaa ufungwe kwa miezi mitatu. Visiwani huko maelfu ya watu waliotoka mbali wanaishi kwa dagaa tu, hawana kibanja cha kulima wala mgomba wa kurudia. Basi hapo radi ikapiga kituo chetu, ikaunguza seva iliyokuwa imebeba leseni ya programu ile. Leseni ilikuwa imefungwa kwenye seva hiyo moja, na bila leseni programu haifunguki.

Kampuni ilijibu kwamba toleo letu halihudumiwi tena, na toleo jipya halifanyi kazi kwenye Linux. Dkt. Najibu akaenda mjini na kurudi na flashi yenye nakala ya programu hiyo iliyovunjwa kufuli. Akaiweka mezani kwa Ma Bernadina, anahema.

"Isakinishe hii, mama. Tumeokoka."

Aliichukua, akaijaribu kwenye kompyuta ya pembeni isiyounganishwa na nyingine, akaipa vipimo vya mwaka uliopita. Ikatoa jibu la dagaa mara nne ya wale tuliowapata mwaka huo. Ilikuwa inahesabu tope la chini ya ziwa kuwa samaki.

"Waitu Daktari," alimwambia, "kwa programu hii hata Nshambya kule mlimani kuna dagaa. Na ingekuwa inahesabu sawasawa, bado ni ya wizi. Siku mvuvi akikuuliza umejuaje, utamwonyesha nini? Flashi?"

Dkt. Najibu alikaa kwenye kiti, akajishika kichwa. Nilikuwepo, nimeshika ramani za visiwa, na nakiri nilikuwa upande wake. Niliona siku zinakwisha na nikadhani mama huyu anatuangusha kwa ajili ya usafi wake tu.

Ma Bernadina alichomoa zile kurasa arobaini na mbili. Ukurasa wa thelathini na moja ulisema kwamba mteja ambaye mashine yake imeharibika kabisa anastahili ufunguo mpya wa leseni, hata kwa toleo la zamani, akileta uthibitisho wa uharibifu. Akawaandikia. Wakadai uthibitisho. Akatuma picha. Wakajibu kwamba picha inaweza kuwa ya mashine yoyote, wanahitaji hati rasmi.

Hapo ndipo alipoandika cheti cha kifo. Jina la marehemu: Seva Namba Mbili. Umri: miaka sita. Mahali pa kifo: Buhembe, Bukoba. Sababu ya kifo: radi. Namba za utambulisho zikafuata zote, bila kosa hata moja. Chini akaacha nafasi ya sahihi ya mkurugenzi, mhuri wa kituo na mashahidi wawili. Mkurugenzi alisoma, akavua miwani, akauliza kwa sauti ya chini, "Bernadina, tunaweza kutuma kitu hiki?"

"Kila neno ni kweli," akamjibu. "Niambie lipi la uongo nilifute."

Mkurugenzi akasaini. Mimi ni shahidi wa pili. Siku iliyofuata mwanasheria wa kampuni aliandika barua pepe ya mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa ufunguo wa leseni. Wa pili ulikuwa pole kwa wafiwa.

Bado kulikuwa na kazi. Programu ile ya zamani ilitegemea vipande vya mfumo ambavyo Linux mpya ilishaviondoa. Ma Bernadina alivitafuta kimoja kimoja, akaviweka ndani ya kifurushi kwenye chumba cha peke yake ili visigombane na vipya, akapima tena kwa takwimu za mwaka uliopita hadi jibu likalingana. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Kompyuta ya kwenye boti ilikuwa kisiwani Bumbire, ambako mtandao siku hizo haukutosha kupakua hata picha ya harusi. Ilibidi mtu aende, na mtu mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na saba kwenye kituo cha uvuvi bila kukanyaga boti. Alikuwa anaogopa maji. Tulilijua jambo hilo siku ile ufukweni Muleba, alipomshika mkono nahodha wetu, Mayenga, na kukataa kuuachia.

Mayenga ni mvuvi wa Bumbire mwenye maneno machache. "Mama, fumba macho," alimwambia. "Ukifumbua tumefika."

"Nikifumba, nani atakuangalia wewe?" akamjibu, na akamtazama bila kupepesa njia nzima. Mayenga anasema hajawahi kuendesha boti kwa adabu kama siku ile.

Kipimo kilifanyika kwa tarehe yake. Kilionyesha dagaa hawajapungua ziwani, ila wale wadogo wamejaa kwenye ghuba chache. Kikao kikaamua kufunga ghuba hizo tu. Moja ilikuwa ile ambayo Mayenga alizoea kuvua, naye akaja Buhembe akiwa amekasirika, akitaka kujua nani kasema. Ma Bernadina hakumwita mtafiti. Alivuta kiti, akamfungulia kwenye kompyuta picha ya mwangwi wenyewe kama ulivyorekodiwa, akamwonyesha mahali boti yake mwenyewe ilipopita na wingu la dagaa wachanga chini yake. Mayenga aliinama karibu na kioo. "Hao ni wadogo kweli," akasema, akaondoka akiwa bado amenuna. Wiki iliyofuata akatuma mfuko wa dagaa wakubwa. Nilipotoka ofisini kwangu kwenda kuchukua fungu langu nikakuta Dkt. Najibu ameshachukua nusu.

Kazi yake sasa anaipokea Joanitha Rwekaza, aliyefundishwa naye kwa miaka mitatu na ambaye, tunasikitika kutangaza, ameanza kuandika maelezo ya vifurushi kwa mtindo ule ule.

Jumatano iliyopita nilipita chumbani kwa Ma Bernadina nikamkuta anabadilisha jina la mtunzaji kwenye vifurushi, anafuta lake na kuandika la Joanitha. Vifurushi ni sitini na vitatu. Alikuwa anafungua kimoja, anakisoma, anabadilisha, anakifunga, anafungua kingine. Nikamwambia kazi hiyo amri moja ingeimaliza kwa sekunde, yeye ndiye aliyenifundisha. Hakugeuka.

"Najua, Avit," alisema. "Naviaga."

Nilifunga mlango polepole.

Ma Bernadina, kwa niaba ya wafanyakazi wote tunakushukuru kwa kazi iliyosimama hata pale ambapo hatukuiona, na kwa kicheko tulichokipata kwa gharama ya Dkt. Najibu. Mungu akupe afya na siku nyingi nyumbani kwako Ijuganyondo, kibanja kikukubali na wajukuu wakuchoshe vizuri. Na tukikupigia simu kuhusu kompyuta, tafadhali usipokee.

Avit Mwesiga
Kitengo cha Ramani