Upande wa Wanawake

Kijiwe chao kiko Butembo, ubao mmoja mrefu ulioegemea ukuta wa nyumba ya Papa Kambere, mahali vumbi la barabara linapoonja kahawa kabla ya wanywaji. Siku zote thermos ya kahawa ni ya Mama Vagheni, ila asubuhi hiyo alikuwa matangani Kalunguta, akamwacha mdogo wake Elsa, mama aliyetoka Vuhovi juzi tu, awamiminie wazee. Ubaoni walikuwa walewale: Lusenge, wanayemwita Ministre kwa kuwa anaahidi kila kitu; Jean-de-Dieu, wanayemwita Antenne kwa kuwa hakuna habari inayompita; na Papa Kambere mwenyewe, wanayemwita Stereo. Jina hilo lilimuuma kidogo, maana stereo yake ilikuwa nusu.

Mtaa mzima unaijua hiyo mashine. Kuna ampli ya zamani, ya kukuza sauti, yenye uso wa chuma na vifundo vizito, vya kuzungushwa taratibu kwa vidole viwili. Kuna mashine ya kuchezea diski, kifuniko chake kimepasuka pembeni. Na kuna bafle moja, spika ya mbao inayomfika mtu gotini, yenye sauti nene ambayo visanduku vya muziki wa simu vya vijana wa leo havijawahi kuiota. Bafle ya pili ilibaki Mavivi siku walipokimbia vita. Pikipiki ilikuwa imeshambeba yeye, mkewe Kaswera na vyombo vyote hivyo, na dereva alikataa kuongeza hata kijiko. Kaswera, diski zikiwa mapajani, alisema watarudi kuichukua. Walipoulizia baadaye, nyumba ilikuwa tupu.

Kila Jumapili, akitoka misa, Kambere huwasha ampli na kungoja vumbi lake lipate joto, harufu anayoipenda kuliko manukato. Halafu huifuta diski kwa kitambaa laini. Ni diski ya kwaya ya parokia yao ya zamani, iliyorekodiwa wakiwa vijana. Padri aliwapanga kama walivyozoea kukaa kanisani, wanaume kuume, wanawake kushoto, na kila upande ukawekewa mikro yake ya kunasia sauti, hivyo kwenye stereo kila upande hutokea katika bafle yake. Wanaume wanauliza, wanawake wanajibu. Kambere yumo kati ya wanaume. Kaswera ndiye aliyeongoza wanawake.

Sasa bafle iliyobaki imechomekwa upande wa wanaume. Wanaume wanauliza, na jibu linakuja kwa mbali mno, kama la watu walio nyuma ya ukuta. Kaswera alipokuwa hai hilo halikuwa neno. Alijibu mwenyewe kutoka jikoni, akisonga bugali, akimcheka mumewe kwamba wamebaki wanaume peke yao. Mwaka jana ugonjwa ulimchukua. Tangu hapo Kambere husikiliza akiwa amebandika sikio kwenye kitambaa cha bafle, na hutoka pale na kiu ambayo kahawa haiondoi.

Asubuhi hiyo alisema tu, bila kumtazama mtu:

— Minataka kumusikia mara moja. Muzuri. Kisha basi.

Basi serikali ya ubaoni ikafungua kikao. Ministre alishika neno wa kwanza: bafle iko Beni, inachezesha watu katika baa fulani, na yeye ataongea na wakubwa irudishwe kabla ya Noeli. Antenne akasema Beni hakuna kitu. Dawa ni kuizungusha diski kinyumenyume ili wanawake watangulie. Ministre akaona hiyo ni dharau kwa kwaya. Afadhali sufuria kubwa ya matanga ifungwe waya, itaimba, maana sufuria hiyo imesikia nyimbo nyingi. Antenne hakukubali kushindwa na sufuria.

— Banamama bangali mule mu waya, alisema. Kila dimanche banaimba, banakosa mulango ya kutokea. Donc banajazana tu. Siku utafungua, Papa, quartier yote, mutaa muzima, itasikia.

Walicheka, na Kambere akacheka nao, ingawa neno hilo lilimwingia. Kuimba, na kukosa mlango.

Elsa alikuwa akimimina kikombe cha mwisho.

— Pardon, Papa. Ile bafle moja, haiwezi kuchomekwa ku upande ya banamama?

Ministre alitazama ndani ya kikombe chake. Antenne akaanza kukuna goti. Walikuwa wameikalia shida hiyo tangu Kaswera azikwe, na hakuna hata mmoja wao aliyewaza kuhamisha waya.

Kambere peke yake alikuwa amewaza. Kila Jumapili mkono wake ulifika nyuma ya ampli, ukaugusa waya, ukarudi.

— Inawezekana, mama. Minajua tangu zamani. Mais nikihamisha, miye sitakuwa tena mule. Kaswera atajibu, na hakuna mutu amemuuliza. Miye hapana kumuacha aimbe yeye peke.

Elsa alifunga thermos, ambayo sasa ilikuwa tupu.

— Na sauti yako, Papa, iliisha?

Kambere aliweka kikombe ubaoni kikiwa na nusu ya kahawa, akaingia ndani. Safari hii mkono haukurudi. Aliuchomoa waya, akauchomeka kushoto, akashusha sindano. Diski ilikwaruza kidogo, kisha, mbali nyuma ya ukuta, akajisikia mwenyewe, kijana, akianza kuuliza. Akaudaka wimbo hapo hapo, amesimama katikati ya chumba. Sauti ilimpasuka, ikateleza chini ya ile aliyokuwa nayo zamani, lakini aliuliza mpaka mwisho wa mstari.

Na Kaswera akamjibu, karibu, kama alivyokuwa akimjibu kutoka jikoni.