Fundi Maswali na Gia Iliyomfungisha Karakana

Mama mjane, watoto na wajukuu wa marehemu, majirani wa mtaa wetu, mafundi mliofunga kazi ili kumsindikiza mwenzenu, na daktari wa meno anayeonekana ameketi pale nyuma karibu na mlango, poleni nyote. Historia hii inasomwa na mdogo wake marehemu, ambaye humu ataitwa hivyo hivyo, mdogo wake, kwa sababu ndivyo karatasi za namna hii zinavyoandikwa, na kwa sababu kwake ni rahisi kidogo kusoma habari zake kama za mtu mwingine. Familia ilimpa ukurasa mmoja, yeye ameandika minne, anaomba avumiliwe. Tangu tarehe 30 Januari 2015, siku marehemu alipofunga karakana yake, yamesemwa mengi mtaani, kwamba mikono ilimwisha, kwamba macho yalimwisha, wengine wakasema ni chupa ingawa hakuwa mnywaji, na marehemu mwenyewe akalishika lile la mikono na kuliamini mpaka mwisho. Karatasi hii imeandikwa ili asizikwe nalo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, akiwa mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mshonaji wa magunia, na baada yake walizaliwa wawili ambao hawakukaa, ndiyo maana mdogo wake, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1965, alimkuta kaka yake ni mtu mzima wa miaka kumi na miwili, anayejua kuchemsha uji na kufua nepi. Alianza shule ya msingi Januari 1960 akamaliza Novemba 1967, na huko alisifika kwa kuuliza maswali hadi mwalimu wa hesabu, mtu mpole kabisa, siku moja akamwamuru akaulizie nje ya dirisha ili wenzake wapate nafasi ya kusoma. Alijiunga na sekondari Januari 1968, lakini baba yao alipofariki tarehe 11 Juni 1969 alirudisha vitabu vya shule siku ya tano baada ya mazishi, bila kushauriwa na mtu, akaenda kutafuta kazi. Mdogo wake alikuwa hajatimiza miaka minne, hivyo baba anayemkumbuka yeye ni huyu aliyelala hapa.

Mnamo Septemba 1969 aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya mabasi kama mwosha vyuma, kazi ambayo ilikuwa kusimama kutwa mbele ya beseni la dizeli akisugua gia zilizotolewa kwenye magari mabovu, na kwa miaka mitatu hakufanya kingine, mikono ikababuka, lakini akawa anaweza kushika gia moja gizani na kusema imetoka basi gani na dereva wake ana haraka kiasi gani. Alipata cheti cha ufundi mwaka 1976, na tarehe 1 Juni 1984 alifungua karakana yake mwenyewe, yenye nafasi ya magari matatu, chini ya bati, ukuta mmoja ukiwa wa kiwanda cha uchapaji ambacho mashine yake ikianza kazi spana zote zilitikisika ubaoni.

Hapo ndipo alipopewa jina la Fundi Maswali, na wengi wenu hamlijui lile la cheti chake. Gari likiletwa lina shida ya gia, mafundi wengine walilala chini yake hapohapo, yeye alivuta stuli, akamkalisha mwenye gari, akaanza: injini ikiwa imezimwa gia zinaingia, ikiwa inawaka na gari limesimama zinaingia, zikigoma ni ipi inayogoma, unapopanda au unaposhuka, gari likiwa baridi au likishapata moto, na la mwisho ambalo hakuliacha hata siku moja, ni kitu gani kilibadilishwa kabla shida haijaanza. Wateja walilalamika kwamba wameleta gari, hawajaja kwenye usaili, lakini alipomaliza kuuliza mara nyingi alikuwa ameshajua, na spana zilikuja tu kuthibitisha. Alikuwa akisema kwamba gari halidanganyi, anayedanganya ni anayelisemea, kwa hiyo kazi yote inasimama juu ya jibu la kweli.

Tarehe 12 Desemba 1981 alikuwa amefunga ndoa na mshonaji wa viti vya magari, ambaye leo ni mjane wetu, na shemeji mwenyewe husimulia kwamba uchumba ule ulikuwa maswali mwanzo mwisho, akakubali ili apumzishwe. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni binti, mwalimu, aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1983, wa pili ni kijana wa kiume, fundi umeme, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1986, na wa mwisho ni binti, muuguzi, aliyezaliwa tarehe 27 Februari 1990, na ana wajukuu watano. Mdogo wake naye, marehemu alimsomesha hadi mwenyewe alipokataa kusoma, kisha Januari 1986 akamkabidhi stoo ya karakana, yaani vipuri, matambara na oili, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na tisa.

Katika stoo hiyo yalikuwepo madumu mawili ya oili, moja lenye mstari mweupe likiwa la oili ya giaboksi, la pili lisilo na mstari likiwa la oili ya difu, ile inayokaa kati ya magurudumu ya nyuma. Kwa macho zinafanana, kwa pua zote zinanuka kiberiti, lakini ya difu huteleza zaidi, na kwenye magari ya zamani haifai kabisa kuwekwa ndani ya giaboksi, kwa kuwa humo mna ringi za shaba ambazo kazi yake ni kukamata gia mbili zinazozunguka kwa mwendo tofauti na kuzisawazisha kabla hazijashikana, na ringi ikishapakwa oili inayoteleza mno haikamati, gia zinasagana. Tarehe 8 Septemba 2014 dumu la mstari mweupe lilikuwa limekauka, na mdogo wake alitakiwa kwenda kulijaza katika duka la oili, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Kulikuwa na mvua. Mvua yenyewe haikuwa kubwa. Alichukua dumu la difu akamimina kwenye lile la mstari mweupe, akajiambia oili ni oili.

Kesho yake, tarehe 9 Septemba 2014, daktari wa meno alileta gari lake la kijani, la spoti, la milango miwili, la zamani kuliko leseni yake ya udereva na kuliko gari lolote lililoingia kwetu mwaka ule, ambalo sote karakana tuliliita Kasuku, na shida ilikuwa ndogo tu, giaboksi ilikuwa ikivuja nyuma. Marehemu alibadilisha sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, akajaza oili kutoka dumu la mstari mweupe kwa mkono wake mwenyewe, gari likaondoka. Siku ya nne likarudi. Marehemu alivuta stuli, akauliza maswali yake, akaambiwa kwamba injini ikizimwa gia zote nne zinaingia, ikiwaka gari limesimama zinaingia pia, kwa hiyo klachi ilikuwa inaachia vizuri, na barabarani asubuhi hakuna neno, ila gari likishapata moto gia ya pili na ya tatu zinalia kama mtu anasaga changarawe. Alipofika kwenye swali lake la mwisho, kilichobadilishwa ni nini, alijijibu mwenyewe kwamba ni sili na oili, akageuka kuelekea stoo, akamuuliza mdogo wake oili iliyomo kwenye dumu ni ipi. Mdogo wake akajibu kwamba ni ileile ya siku zote.

Lazima ielezwe kwa nini, ingawa kueleza si kujitetea. Mwezi Machi mwaka huohuo marehemu alimfukuza fundi aliyekaa naye miaka tisa, kwa sababu alisema nati za gurudumu amezikaza kumbe hajazikaza, na alipomfukuza alitutangazia sote kwamba anayekosea atamfundisha hata mara mia, lakini anayemjibu uongo hawezi kufanya naye kazi. Basi kosa la mvua lingesamehewa siku ileile, pengine na kicheko juu yake, lakini jibu lilikwisha kutoka, na kuanzia hapo kilichokuwa kinafichwa si oili tena. Alifikiria kulimwaga dumu kwa siri na kulijaza upya, lakini aliogopa kwamba gari likipona ghafla swali lingerudi stooni.

Marehemu aliishusha giaboksi ile mara tatu. Tarehe 22 Septemba aliziona ringi ni nzima, akashangaa, akaagiza mpya, zikachukua wiki tatu kufika, akafunga, akajaza oili ya dumu lilelile, gia zikalia. Tarehe 20 Oktoba alibadilisha beringi na kuipima kila gia kwa wembe wa kupimia nafasi, mdogo wake akimshikia tochi, akafunga, zikalia. Katikati ya hapo mdogo wake alikuwa amekwenda hadi duka la oili na kusoma maandishi ya kopo, akakuta onyo juu ya ringi za shaba limeandikwa wazi, kwa hiyo ile mara ya tatu, tarehe 1 Desemba, alipokuwa akimulika na kumwona kaka yake mwenye miaka sitini na mmoja amelala sakafuni juu ya boksi, akipapasa fito zinazosukuma gia, moja moja, na kunong'ona maswali peke yake, hakuwa na kisingizio cha kutojua. Alimulika tu.

Mwezi Januari 2015 daktari wa meno, kwa adabu zote, alilichukua gari lake akalipeleka kwa fundi mwingine, upande wa pili wa reli, na likapona mchana mmoja. Habari zilifika kabla ya jua kuzama, zikiwa na chumvi yake. Fundi yule hakusema alifanya nini, na marehemu, ambaye aliuliza kila kitu maishani mwake, hilo hakuliuliza. Alinyoosha mikono yake mbele ya uso akaitazama, akasema imekwisha, na tarehe 30 Januari 2015, baada ya miaka thelathini na miezi minane, aligawa spana zake kwa mafundi, akafunga mlango. Mwezi Februari mdogo wake alikutana na yule fundi, akaelezwa kwa kicheko kwamba alichofanya ni kumwaga oili na kuweka nyingine, basi. Huo ndio ukweli wa ile habari yote, na shemeji na watoto wanausikia leo kwa mara ya kwanza, kama ninyi wengine.

Miaka iliyofuata marehemu aliishi barazani kwake. Watu walisimamisha magari wakimwomba asikilize tu, akawaelekeza kwingine kwa upole. Shemeji anasema kilichomuumiza si ile baraza, ni kwamba mtu yule aliacha kuuliza, hakuuliza chakula ni nini, hakuuliza mtoto kachelewa wapi, hata saa hakuuliza, nyumba ikawa kimya wakati wa kula. Mdogo wake alikwenda kumwona kila Jumapili kwa miaka minane, na kila Jumapili alikwenda na maneno yake mdomoni, akarudi nayo.

Mwezi Novemba 2021 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na tarehe 24 Aprili 2023 alilazwa, wodi ya wanaume, kitanda cha kumi na moja. Mchana wa tarehe 6 Mei alikuwa na mdogo wake peke yao. Alianza kuhesabu kwenye vidole, taratibu kwa sababu pumzi ilikuwa chache, kwamba ringi zilikuwa mpya, klachi ilikuwa nzima, fito nzima, beringi mpya, na kwamba amelipitia gari lile upya tangu alipolazwa na kidole kilichobaki ni kimoja. Akauliza kama lile dumu lilikuwa na oili ya gia kweli, akaongeza kwamba kama haikuwa hiyo si neno, hana ugomvi na mtu, anataka kujua tu. Lilikuwa swali lake la kwanza baada ya miaka minane. Mdogo wake alijibu kwamba ilikuwa ileile ya siku zote. Marehemu akatikisa kichwa, akasema basi ilikuwa mikono, akaomba afunikwe. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, ambao walimvumilia na kumgeuza usiku na mchana, majirani waliopokezana kumpeleka hospitali kila alipokwenda kusafishwa damu, mafundi wenzake waliochanga nguvu kuandaa siku hii, na daktari wa meno, ambaye hakuacha kumjulia hali, na ambaye anaombwa akipita mtaani aseme alichokisikia hapa. Shemeji na watoto, msamaha hauombwi leo, leo ni siku yake, mtakuja kumhukumu mdogo wake mkishapumzika.

Kaka, uliniuliza tarehe 6 Mei. Haikuwa oili ya gia, ilikuwa ya difu, niliimimina mimi kwa mkono wangu, na nilikudanganya mara mbili. Mikono yako haikuwa na kosa lolote, na kile kidole cha mwisho ulikihesabu sawasawa. Hilo ndilo jibu lako, pumzika nalo kwa amani.